Nafsi ya Kuazima

Mtu anapokaa mezani na wenzake, akatupa dado tatu, akahesabu nukta zake, kisha akaandika katika karatasi jina la mtu asiyekuwapo duniani, nguvu zake kiasi hiki, busara yake kiasi hiki, mvuto wake kiasi hiki, anafanya jambo ambalo kwa macho ni dogo na kwa maana si dogo. Amezaa bila mimba, na tangu saa ile atasema kwa kinywa kisichokuwa chake. Usiku huo mtu wa karatasi akimtukana mgeni, akiiba, akimsaliti mwenziwe, au akitunga wimbo wa kumfedhehesha mfalme mbele ya baraza lake, ni nani atakayeulizwa? Jibu la haraka ni kwamba hakuna wa kuulizwa, kwa kuwa mchezo ni mchezo. Jibu hilo ni tamu, lakini halishibishi, na kila aliyewahi kutukanwa kwa mzaha anajua kwa nini.

Swali hili halikuzaliwa na mchezo wa dado. Umri wake ni umri wa ngoma na hadithi. Walakini mchezo umeliweka wazi kuliko sanaa nyingine, kwa sababu humlazimisha mtu kuandika kwa kalamu jambo ambalo waimbaji na waigizaji hulitenda ndani ya nafsi zao bila ya kulitazama. Yafaa basi kuanza na mchezo, kisha kulifuata swali mpaka mahali ambapo lina uzito wa uhai na kifo.

Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna kete za kuliwa kama bao, wala hauna mshindi. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi na mwamuzi. Kila mmoja wa waliobaki huchukua mtu wa kubuni, akanena kwa sauti yake na kuamua kwa niaba yake. Sifa sita hupimwa: nguvu, wepesi, uvumilivu wa mwili, akili, busara na mvuto. Kwa kanuni ya mwanzo dado tatu zilitupwa kwa kila sifa, hivyo hapakuwa na mtu aliyepungua 3 wala aliyezidi 18. Mchezaji huchagua pia namna ya kiumbe na kazi yake. Mwaka 1976 kazi ya mwimbaji wa masimulizi iliingizwa katika mchezo. Mwaka 1978 kitabu cha wachezaji kiliwaruhusu kuwa viumbe wafupi wa chini ya ardhi. Na toleo la mwaka 2003 likavioanisha viwili hivyo, likisema kwamba viumbe hao kwa silika huelekea uimbaji kuliko kazi nyingine yoyote. Hapo akapatikana yule anayezungumzwa hapa: mfupi, mwenyeji wa mashimo, mpenda vito, mcheshi, mwenye kimo cha mtoto na ulimi wa mzee wa baraza.

Kiumbe huyo ana jina katika lugha za Ulaya, na jina hilo halikutoka kwa mababu wa Wazungu kama wengi wadhanivyo. Lilitiwa katika vitabu na tabibu mmoja wa Uswisi, Paracelsus, aliyefariki mwaka 1541. Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1566, baada ya kufa kwake, alieleza kwamba kila asili ya dunia ina watu wake: maji yana wake, hewa ina wake, moto una wake, na ardhi ina wake ambao hupita ndani ya mwamba kama samaki apitavyo majini na hulinda hazina zilizofichwa. Hapa kiumbe huyo ataitwa nomu, na uchaguzi wa neno hilo geni umefanywa kwa makusudi. Mfasiri mwenye haraka angeandika mbilikimo, au kibeti, na msomaji angeelewa upesi. Lakini mbilikimo ni jina ambalo watu wengine wamewapa watu wa misituni walio na majina yao wenyewe, na kibeti ni jirani fulani katika mtaa fulani, anayekula ugali, anayedai na kudaiwa. Kumpa kiumbe wa kubuni jina la mtu aliye hai ni kumvua mtu huyo ngozi kabla mchezo haujaanza. Jambo hili litarudi.

Mwakitolyo ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Wilaya ya Shinyanga. Mahali hapo hadithi ya viumbe wanaoishi chini ya ardhi haihitaji kuagizwa Ulaya. Watu hushuka katika maduara kwa kamba, wakapita kati ya matimba yanayozuia udongo usiporomoke, wakachonga mwamba kwa taa ya kichwani, na viroba vya mawe vikavutwa juu. Juu kuna makarasha yanayosaga, kuna zebaki ya kunasia dhahabu, kuna mama lishe na muuza maji na mwenye duara anayehesabu mgawo. Atokaye shimoni hutoka rangi ya udongo, na kwa dakika chache hafanani na mtu wa kabila lolote. Mgeni angeweza kusema amemwona nomu. Mkewe angesema amemwona mumewe, na angeuliza kilichopatikana.

Wala mwimbaji anayejivika nafsi nyingine si mgeni katika nchi hiyo. Usukuma ni nchi ya manju. Wakulima walilima kwa bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa mapigo ya ngoma. Wawinda nyoka walikuwa na chama chao na nyimbo zao. Na walikuwapo banunguli, wawindaji wa nungunungu, ambao kisa chao chastahili kusimama kidogo. Nungunungu huharibu mazao usiku na mchana hulala katika shimo. Anayemtaka hana budi kumfuata humo, kwa tumbo na viwiko, gizani, akielekea miiba. Watu waliofanya kazi hiyo walikuwa na dawa zao, siri zao na nyimbo zao, na walipotoka shimoni waliimba na kucheza. Aliyetunga kanuni za Marekani aliunganisha shimo na wimbo kwa dado na meza. Banunguli walikuwa wamekwisha kuviunganisha kwa magoti yao.

Juu ya vyama vyote hivyo pamekuwapo, tangu karne ya 19, pande mbili kubwa za ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo jadi yazitaja kuwa zilianzishwa na waganga wawili waliokuwa wapinzani, Ngika na Gumha. Mashindano yao yana kanuni ambayo wanafalsafa wangefaa kuisoma. Pande mbili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na watazamaji huenda wanakovutwa. Mwenye watu wengi ameshinda. Hakuna hakimu mwenye kitabu. Manju kwa hiyo hufanya kila awezalo: mavazi, mizaha, maajabu, nyoka, dawa ya kupendwa na watu, na zaidi ya yote maneno. Humkejeli manju wa upande wa pili kwa jina. Humdharau kwa sura yake, ukoo wake, sauti yake, uganga wake. Na huyo aliyekejeliwa, akiwa hatua chache upande wa pili wa uwanja, hujibu.

Ni nani anayetukana hapo? Kwa maana moja ni mtu fulani mwana wa fulani, mwenye shamba na ng'ombe. Kwa maana nyingine ni manju, ambaye ana jina la ngoma, vazi la ngoma na ulimi wa ngoma, na ambaye akivua manyoya yake jioni huenda akanywa pombe na mtu aliyekuwa akimchafua mchana. Nafsi ile ya manju ni ya kuazima. Yeye aliiazima kwa watu, na watu walimpa kwa sharti. Pwani nako, kuanzia miaka ya 1890, vijana wa beni walijivika vyeo vya wafalme, majemadari na maofisa wa manowari, wakaandamana kwa tarumbeta. Mchukuzi wa mizigo akawa jemadari mpaka jua lilipokuchwa. Watawala wa kikoloni walitazama jambo lile wakababaika, kwa kuwa hawakuweza kuamua kama wanadhihakiwa au wanaheshimiwa. Yamkini yalikuwa yote mawili.

Basi udhuru wa kusema "si mimi, ni yeye" una haki yake. Anayeukataa kabisa atalazimika kumshitaki kila msimulizi kwa uongo wa sungura na kila mwigizaji kwa mauaji ya jukwaani. Lakini katika uwanja wa Bagika na Bagalu udhuru huo umefungwa kwa masharti ambayo hayakuandikwa popote na yanajulikana kwa wote. La kwanza ni kwamba mwenye kutajwa awepo, na awe na zamu. Dhihaka inayorushwa kwa mtu asiyeweza kujibu imevunja uwanja, hata kama maneno yake ni yale yale. Neno linalomchekesha manju aliyesimama mbele na ngoma yake nyuma yake litamuua kwa aibu bibi aliyekuja kuuza karanga.

Sharti la pili linaonekana vizuri zaidi katika utani. Wasukuma na Wanyamwezi waliokuwa wakisafiri katika misafara ya pwani walifanya utani na watu wa njiani, na mpaka leo mtani huweza kuingia katika msiba akasema maneno ambayo ndugu wa damu angepigwa kwa kuyasema. Huiga namna marehemu alivyotembea, alivyokopa, alivyokoroma. Anajivika nafsi ya maiti mbele ya wafiwa! Mtu asiyejua desturi angedhani ni ukatili. Lakini mtani huyo huyo ndiye mwenye wajibu wa kufanya kazi za msiba, kuzika, kuhudumia, kukaa na waliolia. Ruhusa yake ya ulimi imefungwa kwenye mikono yake. Kuna watu wapendao nusu ya kwanza ya utani na wasioijua ile ya pili. Hao si watani, ni wachokozi waliosoma ukurasa mmoja.

Mchezaji wa dado naye anapomfanya nomu wake kuwa mwimbaji mwenye ulimi mkali, hana budi kuulizwa mambo hayo mawili. Ulimi huo unamwelekea nani? Na mwenye ulimi amejifunga kufanya nini? Wako wachezaji wanaomtumia nomu kumwambia rafiki yao, kila wiki, lile wasilothubutu kumwambia kwa vinywa vyao. Rafiki akinuna huambiwa hana ucheshi, kwa maana ni nomu aliyesema. Huo ni woga uliovikwa kofia.

Katika simulizi za Wasukuma kuna kijana aitwaye Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi ya nafaka, na huyo akamzaa Masala Kulangwa. Kijana akakua, akauliza watu wengine wako wapi, akaambiwa, akaenda akalitafuta zimwi, akaliua na kulipasua tumbo, wakatoka wote wakiwa hai. Hadithi nyingi za ulimwengu zingekoma hapo kwa vigelegele. Hii haikomi. Kisu kilipokuwa kikipasua kilimjeruhi bibi kizee mmoja sikio, naye akatoka na hasira, na mkombozi wa watu wote akawa mdaiwa wa sikio moja. Husimuliwa kwamba alitafuta dawa akamponya ndipo akatambuliwa kuwa mkubwa wao. Wenye hadithi hii walikataa kabisa fikira kwamba wema wa kazi nzima hufuta jeraha la mtu mmoja. Nafsi ya shujaa, nayo ni ya kubuni, imewekwa chini ya sheria ile ile iliyo juu ya nafsi ya jirani.

Plato alikuwa na hofu nyingine. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri yake aliogopa kwamba anayeiga sana mwisho huwa kile anachokiiga, na kwa hiyo walinzi wa mji wake wasiruhusiwe kuiga waovu, watumwa wala wendawazimu. Hofu hiyo ina ukweli fulani. Wazazi wengi wamewahi kumwona mtoto aliyeiga tabia fulani kwa mzaha mpaka akaizoea. Lakini Plato alimtazama mwigaji peke yake. Hakuuliza lolote juu ya mtumwa anayeigwa. Je, yeye hupata nini kutokana na kuigwa? Hatari ya kuiga siku zote haimwangukii anayeiga. Mara nyingi humwangukia yule ambaye sura yake imechukuliwa, naye huendelea kutembea barabarani akiwa na sura hiyo, asijue kwamba imekwisha kujazwa maana nyingine.

Na hapa habari ya nomu mlinzi wa dhahabu inaacha kuwa habari ya mezani. Katika miaka iliyofuata 2006, mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza na nchi ya Geita, iliona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo. Makumi waliuawa, na wengi wao walikuwa watoto. Waganga waliwaambia watafuta bahati kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Watafiti Deborah Bryceson na wenzake, walioandika mwaka 2010, walionyesha jinsi imani hiyo ilivyohusiana na machimbo ya dhahabu na biashara ya bahati iliyoyazunguka. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, aliteuliwa na Rais Kikwete kuwa mbunge. Septemba 2009, mjini Kahama, mahakama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mmoja wa Bukombe. Watoto wengi walipelekwa kukaa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, mbali na wazazi wao, ili wapate kulala usiku.

Yapo maneno yaliyotangulia mapanga. Ilisemwa kwamba watu hao hawafi, hutoweka tu. Ilisemwa kwamba wao ni mizimu. Ilisemwa kwamba mwili wao una kitu kinachoita dhahabu. Mwenye kuyatazama maneno hayo kwa utulivu ataona kwamba ni karatasi ya mchezo iliyojazwa. Mtu fulani alichukua mwili wa mwingine, bila ya kuomba, akauandikia sifa: uhai kiasi hiki, bahati kiasi hiki, asili yake si ya watu, kazi yake kulinda hazina. Kisha akaficha dado. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya mchezaji na muuaji, nayo ni tofauti kubwa, lakini si ya aina ile ambayo wachezaji hupenda kuitaja. Haitoshi kusema kwamba mmoja hubuni na mwingine huamini. Wote wawili wamebuni. Mmoja amebuni mezani mbele ya watu, na dado zake zinaonekana. Mwingine amekana kwamba amebuni, akasema ameipokea habari kutoka kwa wahenga.

Ubunifu unaojikiri una usalama wake. Kwa sababu hiyo wale wasemao kwamba michezo ya mazimwi na viumbe ndiyo inayopanda ushirikina wamelishika jambo kwa mkia. Kijana anayejua kwamba nomu wake alitoka katika dado tatu na kalamu ya risasi amekwisha kujifunza jinsi kiumbe cha ajabu kinavyotengenezwa, na aliyeona karakana haabudu sanamu kwa urahisi. Angekuja mganga kumwambia juu ya mwili uletao bahati, angekuwa na swali tayari: sifa hizo alizitupa nani?

Hata hivyo usalama huo si kamili. Kanuni za mchezo zilikuwa na tabia moja iliyofanana mno na maneno ya mganga: sifa za mtu zilitokana na jinsi ya kiumbe aliyezaliwa. Nomu wote walikuwa na silika fulani kwa kuwa ni nomu. Viumbe wengine wote walikuwa na ujinga fulani kwa kuwa ni wao. Mchezaji aliyeirudia kanuni hiyo kila Jumamosi kwa miaka alizoea, bila ya kutaka, kuusoma mwili kama cheti cha roho. Wenye mchezo waliliona jambo hilo, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mwaka 2020 walitoa kanuni ya hiari ya kuzihamisha nyongeza za sifa, na katika kitabu cha mwaka 2024 nyongeza hizo zilitolewa katika uzawa zikawekwa katika maisha aliyoyapitia mtu: alifanya kazi gani, alilelewa wapi, alijifunza nini. Wako walionung'unika kwamba mchezo umepunguziwa ladha. Yawezekana. Lakini walionung'unika walikuwa na vimo vya kawaida.

Kuna jambo jingine juu ya Paracelsus ambalo halikutajwa hapo juu. Tabibu huyo aliyewapa walimwengu nomu aandikapo juu ya viumbe, ndiye pia aliyeandika kitabu juu ya maradhi ya mapafu ya wachimba madini, kilichochapishwa mwaka 1567. Aliwaona watu wakitoka mashimoni wakikohoa, akakataa kusema kwamba wamepigwa na mapepo, akasema wamevuta mvuke na vumbi la madini. Mtu mmoja, shimo moja, na macho ya namna mbili! Kwa jicho moja aliona kiumbe apitaye mwambani kama samaki; kwa jingine aliona kifua cha mtu. Historia imemtendea vibaya, kwa maana nomu wake amesimama katika bustani za nusu ya Ulaya akiwa na kofia nyekundu, na kikohozi chake wanakijua matabibu tu. Ingekuwa afadhali kama viwili hivyo visingetenganishwa.

Na ichukuliwe sasa kwamba yupo kijana huko Mwakitolyo, mwenye simu na wenzake watatu, aliyejifunza mchezo huu na anayetaka kuunda nomu mwimbaji. Hakuna ajabu katika jambo hilo. Habari hupita siku hizi pasipopita barabara. Ameketi nje ya kibanda jioni, makarasha yamenyamaza, dado amezichonga kwa mti. Anaweza kumfanya nomu wake kuwa kichekesho: mfupi, mlafi, mwenye sauti ya kuku, anayecheza akipigwa. Kazi hiyo ni ya dakika tano na kicheko chake ni cha hakika. Hakuna sheria itakayomkamata. Wala hapana sababu ya kumnyima mcheshi ucheshi wake. Nomu asiyechekesha ni hasara, na manju asiyechekesha hukimbiwa na uwanja.

Lakini anaweza pia kuuliza maswali ambayo karatasi haikuyaandika. Nomu huyu anadaiwa na nani? Aliposhuka shimoni mara ya kwanza, nani alishika kamba juu? Anakohoa? Alijifunza kuimba kwa sababu anapenda nyimbo, au kwa sababu mtu wa kimo chake asiposema kwanza hukanyagwa? Mzaha wake anaurusha kwa wakubwa wenye zamu ya kujibu, au kwa yule aliye mdogo kuliko yeye? Akimkejeli mfalme na mfalme akamwua mtumishi asiyehusika, ataimba nini kesho yake? Maswali haya hayampunguzii mtu huyu ucheshi hata kidogo. Humpa sababu ya kuwa nao. Ndipo nafsi ya kubuni huanza kufanya kazi ambayo insani hawezi kuipata kwa njia nyingine: humweka mtu mrefu mahali pa mfupi, mwenye nguvu mahali pa dhaifu, na kumlazimisha kuamua akiwa huko, kwa saa kadhaa, huku wenziwe wakimtazama. Aliyekwisha kuamua mara nyingi akiwa mdogo huenda akasita kidogo siku atakapokuwa mkubwa. Huenda asisite. Mchezo hauna uwezo wa kuahidi, na wanaouahidia hivyo wanauza dawa.

Linabaki gumu moja. Mtu anaweza kutimiza masharti yote, akamuunda nomu mwenye deni na kikohozi na mama, akamwimbisha kwa haki, na bado mtu mfupi wa kweli akapita karibu akaona watu wanne warefu wakicheka kwa sauti nyembamba ambayo ni kama yake. Nia njema ya mezani haimfikii. Yeye haoni karatasi, husikia kicheko. Kusema kwamba amekosea ni kumfanya bibi mwenye sikio lililokatwa aombe radhi kwa kisu. Kuacha mchezo kwa ajili yake bila ya kumwuliza ni kumfanya tena kuwa kiumbe wa namna nyingine, asiyeweza kuambiwa kitu, na hiyo nayo ni dharau, ijapokuwa imetembea kwa adabu.

Katika uwanja wa Bagika na Bagalu mtu huyo angekuwa na njia: angevuka upande wa pili akaanzisha wimbo wake. Pale kwenye kibanda njia ni fupi zaidi. Yule anayesaga mawe karashani mchana, ambaye wenziwe humwita kwa kimo chake na kusahau jina lake, husogea, huuliza wanacheka nini, huelezwa. Hukaa juu ya kiroba. Husikiliza wimbo wa nomu mpaka mwisho, husema ubeti wa pili umelegea. Kisha hunyosha mkono zipewe dado, na akiulizwa anataka kuwa nani, hujibu kwamba anataka kuwa jitu.

Anapewa dado. Anatupa: nne, moja, sita. Yule kijana anatafuta karatasi nyingine safi, na kabla ya kuandika nguvu wala busara anamwuliza jina.